Kikombe cha Jirani: Kwa Mama Yetu, Klementina binti Kasongo

Mama,

Mvua za vuli zimerudi, na mwaka umetimia tangu asubuhi ile uliposema unajilaza kidogo mgongo unyooke, nasi tukakungoja uamke mpaka tukaogopa kungoja. Tumelia, tumenyamaza, tumelia tena. Leo tunakuandikia sisi sote wa nyumba yako, maana tuna habari ambayo ungetununia sana kama ungeisikia kwanza kwa watu wa nje.

Lakini wapo watakaosoma hapa bila kukujua, na wewe hukupenda mgeni aketi bila kuambiwa yuko kwa nani. Basi waambiwe. Wewe ni Klementina binti Kasongo, mzaliwa wa Ujiji. Baba yako alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa kijana, akafanya biashara ya dagaa na mawese, akajenga, akazeekea hapo hapo. Ulishona nguo kule Mwanga penye soko, mpaka ukaolewa na mkulima wa Simbo aitwaye Pastory, ambaye hadi leo anasema alikwenda kushonesha suruali akarudi na fundi. Ukazaa Martini, ukazaa Bibiana, ukafunga na kitinda mimba wako Leonia.

Ulikuwa mfupi, mwepesi wa mguu, mgumu wa kushindwa. Ukikataa jambo hukupaza sauti. Ulifunga khanga upya kiunoni, na aliyekujua alijua maneno yamekwisha. Ulicheka huku umefunika mdomo. Kanisani uliimba juu kuliko kwaya nzima, na hakupatikana wa kukuambia upunguze.

Na ulipika chai. Tukiandika mengine yote tukaliacha hilo, watu watasema tumemwandika mama wa nyumba nyingine. Maji kwanza, na tangawizi uliyoiponda kwenye kinu kidogo cha mti, ichemke mpaka walioketi mlangoni waanze kukohoa. Kisha iliki, kijiti cha mdalasini, punje chache za pilipili manga, na karafuu kidogo tu, maana karafuu, ulisema, ni mgeni mwenye maneno mengi, mmoja anatosha nyumba. Kisha majani. Maziwa yaliingia mwisho. Hapo ulishika upawa ukasimama. Hukuketi, hukuitika ukiitwa, yakapanda ukayashusha, yakapanda ukayashusha, na tone halikugusa moto. Sukari ilipoadimika ulitia asali baada ya kuepua.

Chai ile hukuiita dawa hata siku moja. Mgonjwa aende zahanati, ulikuwa unasema, lakini anayetetemeka apewe kwanza kitu cha moto cha kushika.

Mwaka wa sabini na nne, watu wa mashamba ya mbali walipohamishiwa vijijini kukaa pamoja, zamu yetu nayo ilifika. Lori lilitushusha kando ya barabara ya Kasulu, mbele ya Kidahwe, penye viwanja vilivyopimwa mstari mmoja na nyasi zilizotufika mabegani. Martini alishuka na majembe, Baba alishuka na kuku, na wewe ulishuka umekumbatia mashine yako ya kushonea, ile ya kuzungusha kwa mkono, bila kumruhusu mtu aiguse. Tulikuwa tumeezeka nusu tu ya paa, mvua ikafika. Na chini ya nusu hiyo ya paa Melania, mke wa Martini, akajifungua Rozalia.

Mtoto alikuwa mzima. Mama yake ndiye aliyetutia hofu. Alitetemeka, akageuza uso ukutani. Uji aliukataa, ugali aliukataa, hata salamu alizikataa. Mkunga alimpima akasema homa hana, kachoka na kaogopa, apate kula na apate joto. Ulisikia hivyo ukafungua pindo la khanga ambamo viungo vyako vilisafiri kutoka Ujiji. Vyote vilikuwamo. Kilichokosekana ni maziwa.

Mwenye ng'ombe wa kukamwa katika safu yetu alikuwa mmoja tu, Mzee Telesphory, Muha wa wafugaji tangu babu na babu, mgane aliyeishi peke yake na zizi lake. Ulikwenda, na Leonia akakufuata na kibuyu. Alikuwa msichana mkubwa tayari, anaona na anakumbuka, na mengi ya tunayoandika hapa yametoka kinywani mwake.

Ulimsalimu Mzee kwa Kiha chako cha Ujiji, "Mwakeye," akatabasamu kusikia ulivyoitamka. Alikubali mara moja. Kumnyima mzazi maziwa, alisema, si tabia ya watu. Akauliza jambo moja tu, kama yatanyweka mabichi au yatagandishwa.

Leonia alijua jibu jepesi. Baba alikuwa amekunong'oneza kabla hamjatoka: sema ya kugandisha, nani atakufuata jikoni? Maana kwa wafugaji wa Kiha wa rika la Mzee, maziwa yakichemshwa ng'ombe aliyeyatoa hukauka kiwele, na yakimwagika motoni ni balaa zaidi. Kila mtoto wa Simbo alilijua hilo, na wewe uliyeolewa Simbo ulilijua.

"Nitayapikia chai," ulisema.

Mzee, aliyekuwa ameshachukua kata ya kukamulia, aliirudisha mahali pake. "Basi hapana, Mama Martini. Usiniulie inka."

Inka ni ng'ombe, kwa wasiojua Kiha. Njiani Leonia alikasirika mpaka machozi yakamtoka. Alikuuliza kwa nini hukudanganya kidogo tu, kwa ajili ya Melania. Ulimjibu bila kugeuka kwamba joto la kuiba huwezi kumpa mgonjwa, ukazidisha mwendo.

Kesho yake ulirudi, na kesho kutwa. Ulimfagilia Mzee uwanja, ukapepeta maharage yake, ukamshonea koti lililochanika mgongoni, na kila ulipomaliza uliomba upya, naye akakataa upya, kwa adabu. Majirani wakaanza kuchekacheka kwamba yule mwanamke wa mjini anaposa. Baba alisikia, akajifanya kiziwi. Melania alikuwa bado amegeukia ukuta.

Ndipo asubuhi moja ukajitwika mashine yako ya kushonea kichwani. Leonia alidhani unaipeleka kutengenezwa. Uliitua mlangoni kwa Mzee Telesphory, ukaifuta matone ya mvua kwa khanga yako.

"Hii ndiyo inka yangu," ulimwambia. "Inatulisha kama yako inavyokulisha. Ikae kwako. Yako ikikauka, hii ni mali yako. Na nakuapia, halitamwagika tone motoni."

Mashine ile ndiyo iliyokuwa chumvi yetu na sabuni yetu. Mzee aliizunguka, akaligusa gurudumu kwa kidole, akakutazama usoni kwa muda. Kisha akasema, "Ego," yaani ndiyo, akachukua kata akaenda zizini.

Chai ikapikwa. Melania hakunywa kwanza. Alikishika kikombe cha bati kwa mikono yote miwili, akakiweka kifuani, mvuke ukimpiga usoni. Kisha akanywa, polepole, akageuka akamtazama mwanawe. Jioni aliomba uji. Mwenyewe ametuagiza tuandike kwamba hakuponywa na tangawizi. Anasema alirudi kwa sababu aliona kuna mtu ameitoa mashine yake kwa ajili yake, akaona haya kuendelea kutazama ukuta.

Tangu hapo sufuria yako haikulala. Asubuhi za baridi walipita waliokuwa wanakwenda shamba la kijiji, wakapita waliohamishwa majuzi ambao hawakuwa na meko bado, na kila mmoja alipewa cha kushika. Waliouliza mapishi uliwafundisha. Waliotaka tu kunywa hukuwafundisha kitu, uliwapa wakanywa.

Kikombe cha kwanza cha kila sufuria, hata hivyo, hakikuwa cha Baba wala cha mzazi. Kilikuwa cha Mzee Telesphory. Leonia ndiye aliyekipeleka, kimefunikwa kwa sahani. Mzee alikipokea, akashukuru, akakitazama, akakirudisha. Mwenye ng'ombe hanywi cha kuchemsha, alisema. Wewe ulikipasha ukakinywa mwenyewe, na kesho yake ukamtuma tena. Leonia akachoka, akakuambia mzee yule hatakunywa kamwe.

"Siku moja atakunywa," ulisema.

"Na asipokunywa?"

"Atakuwa amekumbukwa."

Kiangazi kilipokolea, maziwa yakapungua, kisha yakakatika kabisa. Usemi ukaenea katika safu yote kwamba si wafugaji walisema. Na wewe, Mama, fundi wa nguo, mtoto wa dagaa na mawese, ulijua kushona kola na kupima suruali kwa macho, lakini hukujua jambo ambalo kila mchunga ng'ombe analijua. Uliamini kweli umemkausha ng'ombe wa watu. Leonia alikukuta chumbani umeuma pindo la khanga ili usisikike, na hakuwahi kukuona hivyo. Kisha ulinawa uso. Ulikusanya sindano za mashine, bobini, uzi na kile kichupa cha mafuta, ukavipeleka vyote kwa Mzee Telesphory, ukamwambia vya mashine visitengane na mashine. Hukuomba siku, hukuomba huruma. Uliaga ukarudi.

Jioni ile tulimwona Mzee anakuja. Mtu asiyebeba kitu ila fimbo yake alikuwa amejitwika mashine ya kushonea kichwani, anapepesuka, na safu nzima imetoka nje kutazama.

"Mama Martini," alisema alipoitua, "inka ana mimba. Akikaribia kuzaa hukauka. Mimi ni mfugaji, siwezi kula mali ya mtu asiyejua."

Ulicheka, mkono mdomoni, mpaka ukakaa chini. Baba naye alicheka, na Melania, na waliokuwa nje wakaingia kuuliza kuna nini. Ndama alipozaliwa na maziwa yakarudi, kikombe nacho kikarudi njiani. Mzee akakirudisha kimejaa vile vile. Ng'ombe amepona, alimwambia Leonia, lakini yeye hajasema atakunywa.

Hivyo ndivyo ulivyoishi na sisi mpaka mwaka jana, Mama. Ulipoondoka, Leonia aliisugua sufuria kwa mchanga, akaipindua darini. Bibiana alitaka kuichukua akae nayo Ujiji anakoishi, wakakaribia kugombana, kwa kuwa Leonia hakutaka kuitoa na hakutaka kuitumia. Mzee Telesphory alikuja matangani, akaketi, akaondoka. Hakutaja maziwa, na Leonia hakuuliza. Mapatano yalikuwa yako na yake, na mmoja wenu hakuwapo. Kinu chako kidogo kikakaa dirishani, na tangawizi uliyopanda nyuma ya migomba ikaota bila wa kuichimba.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Baba akawa anaketi mlangoni na chai ya rangi iliyopoa, koti begani, anatazama meko. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomtisha Leonia, maana Pastory asiyelalamika si Pastory. Leonia aliona mwaka unakaribia kutimia, na akajua kwamba ukitimia sufuria ikiwa darini, haitashuka tena. Watasema tu, palikuwa na mama hapa aliyekuwa anapika chai. Hilo hakulitaka. Akaishusha, akaiosha, akafunga khanga upya kiunoni. Martini anasema alimwona kwa nyuma akadhani ni wewe.

Alikwenda kwa Mzee Telesphory kuomba maziwa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akakamua, akampa kibuyu, na maneno juu yake. Mama yako, alisema, hakuwahi kuyaharibu maziwa yangu. Ukiyaharibu, usirudi.

Akayaharibu. Hatukufichi. Alikuwa na haraka ya kumwona Baba akishika kikombe cha moto, na machozi yalikuwa yanamsumbua, akaiponda tangawizi akaitia mbichi moja kwa moja kwenye maziwa. Alijua. Amekuona miaka yote ukiitanguliza majini, ukisema tangawizi isiyoiva ni adui wa maziwa. Yakakatika mbele ya macho yake, mabonge huku, maji huko, naye amesimama na upawa wako mkononi.

Melania alimwonea huruma. Alimshauri ayamwage nyuma ya migomba na kumwambia Mzee kwamba chai ilikuwa nzuri. Nani atajua? Swali hilo Leonia alikuwa amelisikia zamani, kwa Baba, siku ya kibuyu cha kwanza. Akachukua kitambaa safi, akayachuja mabonge, akayatia chumvi, akayaweka mezani na ugali. Maji yake tuliyanywa. Tulikula sote, mpaka Rozalia, nyuso zimekunjamana. Baba alisema katika safari zake ameshakula vibaya zaidi, akaongeza. Tone halikugusa ardhi.

Kisha, kulipokucha, akaenda kwa mtu aliyemwambia asirudi.

"Yameharibika, Mzee," alisema. "Nilikosea tangawizi. Sikuyamwaga, tumeyala. Nimekuja kuomba mengine."

Mzee alimwuliza yalikuwaje.

"Mabaya sana."

Leonia anasema hakuwahi kuyaona meno ya Mzee Telesphory mpaka dakika ile. Alicheka mpaka akaegemea mti wa zizi. Alipomaliza, akachukua kata.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya leo, Mama, siku yako, kabla ya misa. Leonia alitanguliza maji. Akaacha tangawizi ichemke mpaka Martini akakohoa mlangoni. Akatia karafuu kidogo. Akatia maziwa, akashika upawa, akasimama. Rozalia alimwita mara nyingi, hakuitika. Yalipopanda aliyashusha, na alipoepua akatia asali, na nyumba ikanukia kama nyumba yetu. Baba alinyoosha mkono. Leonia akamwambia angoje, cha kwanza si chake. Baba alilalamika, kwa sauti, na sote tulifurahi kumsikia.

Akakifunika kikombe kwa sahani, akaenda. Alisimama mbele ya Mzee kama alivyozoea, akingoja akipokee, ashukuru, akirudishe. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akafunua sahani, akakaa akikitazama.

"Mwaka mzima," alisema, "hakuna aliyeniletea kitu cha kukataa."

Akaingia nacho ndani, akafunga mlango. Leonia alisubiri kando ya zizi, mvua ikimnyeshea, hajui aondoke au akae. Mlango ulipofunguliwa, Mzee alimkabidhi kikombe na sahani juu yake, akamwambia asichelewe misa.

Leonia hakukifunua njiani. Alikuja nacho mpaka mekoni, mbele yetu sote, pale ulipokuwa unasimama.

Wanaokukumbuka na kukuombea ni mumeo Pastory, wanao Martini, Bibiana na Leonia, mkweo Melania, mjukuu wako Rozalia, anayekwambia tangawizi yako inawasha, ndugu zako wote wa ukoo wa Kasongo, Ujiji, jamaa zetu wa Simbo, na jirani yako Telesphory, ambaye ametuomba naye tumwandike, kwa jina lake lote, Telesphory mwenye ng'ombe.

Lala kwa amani, Mama. Maadamu kuna wa kusimama na upawa katika nyumba hii, hutasahaulika.

Kikombe kimerudi kitupu.